Nilimlipa fundi akague Lee-Enfield ya mdunguaji kabla sijatoa dola 6,500

Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akarudi Tabora na masimulizi ya mvua na matope ya bonde la Kabaw. Nimekua nikiyasikia, na tangu nihamie hapa Ohio nimetamani kuwa na bunduki ya Waingereza ya vita vile.

Mwezi Machi, kwenye maonyesho ya bunduki, muuzaji mmoja akanionyesha Lee-Enfield No. 4 Mk I (T), yaani ile ya mdunguaji, yenye darubini. Bei dola 6,500. Pembeni yake palikuwa na No. 4 ya kawaida, dola 700. Tofauti hiyo ya dola 5,800 inamtosha tapeli kufanya kazi usiku kucha, kwa hiyo niliweka amana ya dola 300 na tukaandikiana kwamba nitarudishiwa ikionekana si halisi. Kisha nikamtafuta mkaguzi, mzee mstaafu aliyekuwa fundi silaha jeshini. Akatoza dola 180.

Kwanza akanieleza kwamba bunduki hizi hazikuzaliwa na darubini. Zilichaguliwa zile zilizolenga vizuri zaidi, nyingi za kiwanda cha BSA cha Shirley, na kuanzia mwaka 1942 zikapelekwa kwa kampuni ya Holland & Holland, London, zikafungwe darubini No. 32. Kazi hiyo iliacha alama, na alizifuata moja moja mbele yangu, tochi ndogo mkononi.

Herufi T ubavuni kushoto ilikuwepo. TR, kwenye chuma kinachoshika kitako, ilikuwepo. S51, chapa ya Holland & Holland chini ya kitako, nayo ilikuwepo. Mimi ningelipa hapo hapo. Yeye akanishika kidole akanipitisha juu ya TR: kingo zilikuwa kali, zinakwaruza, ilhali alama ya M47C ya BSA karibu yake ilikuwa imelainika kwa mikono ya miaka 80. Ndani ya S51 mbao ilikuwa nyeupe. Mafuta ya kitani yanayopakwa mwaka hadi mwaka huingia mpaka ndani ya herufi na kuzifanya nyeusi kama mbao nyingine. Mtu anaweza kununua mhuri, lakini uchakavu lazima ukubaliane bunduki nzima, na huu haukukubaliana.

Akaendelea nyuma, kwenye bamba la kulengea. Bunduki ya (T) iliondolewa lile tundu kubwa la masafa ya karibu kwa kusagwa. Hii ilikuwa nalo, zima kabisa. Hata hivyo hakuhukumu kwa hilo, kwa kuwa bamba hubadilishwa. Alihukumu alipoitoa darubini na kuangalia vile vikalio viwili vya chuma inapokaa. Vya asili vilifungwa kwa skrubu na kulehemiwa. Hivi viliwekewa skrubu na gundi ya kisasa. Kwenye mkono wa darubini, mahali panapopigwa namba ya bunduki, palikuwa pamesagwa na kupigwa namba nyingine.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba hakutafuta sababu za kukataa kila kitu. Namba ya darubini iliyopigwa juu ya shingo ya kitako haikufanana na ya darubini iliyokuwepo, na nilidhani hilo peke yake ni ushahidi. Akasema hapana, darubini ziliharibika, karakana za jeshi zikafunga nyingine. Bunduki halisi yenye darubini tofauti hushuka bei, lakini inabaki halisi.

Amana yangu nilirudishiwa bila ugomvi. Sijui kama muuzaji mwenyewe alidanganywa. Kilichoniuma ni bunduki. Chini ya alama zile za uongo kulikuwa na No. 4 ya kweli ya mwaka 1943, iliyopita mikononi mwa askari fulani, na mtu ameitoboa mwili kwa ajili ya pesa. Matundu yale hayazibiki.

Huduma naipa nyota nne. Taarifa ya kurasa nne yenye picha ilikuja baada ya siku 19, wakati muuzaji alinipa wiki tatu tu, na presha ilinipanda. Ila dola 180 zile ndizo nilizozitumia vizuri kuliko zote mwaka huu. Kama unanunua (T), hakikisha mkaguzi wako anaruhusiwa kuitoa darubini. Muuzaji akikataa, ondoka.

Ile ya dola 700 niliichukua. Mzee aliiangalia dakika kumi bila malipo: namba ya bolti na ya mwili zinafanana, mbao ina makovu ya zamani. Nilimpigia baba Tabora kwa video, akanyamaza kidogo, kisha akauliza ina kilo ngapi. Nikamwambia nne na ushei. Akaniomba niigeuze, aone na upande wa pili.