Una kisima nyumbani? Nunua kipimo kabla ya filta

Jamani wenye visima Arusha, Usa River na Meru kote, kabla hujatoa hela ya filta jua kwanza maji yako yana nini, maana filta ya kuchuja vijidudu haiondoi floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji, na huku kwetu floraidi ndo janga, inatoka kwenye miamba ya volkano, huioni wala huionji, unakuja kuiona mtoto anaota meno ya utu uzima yana madoa ya kahawia na hapo hayasafishiki tena.

Namba moja ni maabara, hata usibishe. Wizara ya Maji inazo za mikoa. Usiende kusema tu nipimieni maji, taja floraidi na E. koli, yaani bakteria wa kinyesi. Floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, E. koli iwe sifuri kwenye mililita 100. Chupa ya sampuli chukua kwao, sio ya soda uliyosuuza, iweke kwenye barafu ufikishe siku hiyohiyo.

Namba mbili, vichupa vya H2S, yaani gesi ambayo vijidudu vingi vya kinyesi huitoa. Unajaza maji, unafunga, unakiacha sehemu ya joto siku moja au mbili, kikigeuka cheusi kuna uwezekano mkubwa kinyesi kimeingia kisimani. Vizuri sana baada ya masika. Cha jirani yangu maji yalikuwa meupe kabisa, kesho yake kichupa cheusi kama masizi, kumbe shimo la choo liko hatua ishirini tu upande wa juu!

Tatu, vijiti vya klorini, kama unatia dawa. Tafuta miligramu 0.2 mpaka 0.5 za klorini kwa lita.

Mwisho kabisa kalamu ya TDS. Muuzaji anaichovya, inasoma 110, anakwambia maji safi mama, nunua. Inapima chumvichumvi zilizoyeyuka basi, kijidudu haikioni, na kisima cha yule jirani nacho kilisoma namba ndogo tu.

Majibu yakitoka ndo ununue dawa. E. koli ikiwepo, funika kisima, hamisha choo, tia klorini. Floraidi ikizidi, filta ya mkaa wa mifupa, kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto wameifanyia kazi miaka mingi. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki palepale. Na mkaa huo unachoka, kwa hiyo rudisha maabara maji yanayotoka kwenye filta, sio ya kisimani.