Kompyuta za zamani: ukiwa huku kwetu ununue ipi kwanza (nimezipanga kuanzia namba 1)

Wakuu, kila hobi hii ya kompyuta za zamani ikitajwa lazima atokee mtu aulize nianze na ipi, na mara nyingi anakuwa ameshaona Commodore 64 au ile Macintosh ndogo mtandaoni, ameshaipenda, anataka tu kuambiwa alipe. Ushauri wangu ni mmoja na nitausimamia mpaka mwisho: mashine ya kwanza iwe ile ambayo ikizima leo usiku, kesho unaweza kuipatia kipuri na fundi hapo hapo mjini kwako. Umaarufu weka pembeni kwanza. Kwa hiyo nimezipanga kwa vitu vinavyotuhusu sisi, yaani umeme wetu wa volti 230 mpaka 240, skrini unayoweza kuipata, vipuri, na gharama ya kuileta mpaka mkononi.

Kabla ya hapo ujue kwa nini Tanzania bara huzikuti hizi mashine za miaka ya 80 kwenye stoo za watu kama wanavyozikuta Uingereza au Ujerumani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na kituo cha TV cha bara kilikuja kuanza 1994 (Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 70). Sasa kompyuta za nyumbani za kipindi kile zilikuwa zinachomekwa kwenye TV, kama nyumba haina TV hiyo Commodore ungeionea wapi? Ndo maana hazina yetu sisi inaanzia miaka ya 90 mwishoni, pale ofisi, mashule na miradi ilipoanza kushusha desktopu za mtumba, na hizo bado zipo kibao ukitafuta.

Namba 1: Desktopu ya Pentium II au Pentium III

Hii ndo chaguo langu la kwanza na sioni cha kuitoa hapo. Dell OptiPlex GX1, Compaq Deskpro, na ndugu zao wa 1998 mpaka 2001 hivi. Unapata DOS (mfumo wa zamani wa kuandika amri), unapata Windows 98, unapata magemu yote ya kipindi kile, na inatumia monita ya VGA ambayo hata flati ya leo nyingi bado zinaipokea. Kibodi na mausi za plagi ya duara bado zinauzwa. Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue pale Nairobi ukamuuliza fundi wa kompyuta mwenye umri kidogo, hii mashine anaijua nje ndani, alijifunzia kazi hiyo hiyo.

Ukienda kuangalia, kitu cha kwanza kabisa geuza nyuma uangalie swichi nyekundu ndogo kwenye pawasaplai. Inasoma 115 au 230. Mtumba uliotoka Marekani mara nyingi umekaa kwenye 115, ukichomeka hivyo hivyo kwenye umeme wetu unasikia mlipuko na pawasaplai imeondoka, na muuzaji atakwambia wewe ndo umeiunguza. Isukume iende 230 kwa bisibisi ndogo kabla waya haujagusa ukuta.

Alafu fungua kava, usione aibu, anayekataa ufungue achana naye. Angalia zile kapasita zilizosimama kama vipipa karibu na prosesa, vichwa vyake viwe bapa kabisa, ikiwa kimoja kimevimba au kina ukoko wa kahawia hesabu kwamba zote zitabadilishwa. Tatizo hili lilizikumba sana mashine za miaka ya 2000 mwanzoni, OptiPlex GX270 ya 2003 ndo inajulikana zaidi kwa hilo, ndo maana nasema bora Pentium III iliyotulia kuliko Pentium 4 ya bei ile ile. Angalia pia nafasi za kadi, zile nyeupe ni PCI, zile ndefu nyeusi ni ISA. Ukikuta ISA hata moja, chukua. Kadi ya sauti ya ISA kama Sound Blaster 16 ndo inayofanya magemu ya DOS yaongee bila kubembelezwa, za PCI nyingi zinasumbua kwenye DOS, ingawa chache kama zenye chipu ya Yamaha YMF724 zinajitahidi.

Tahadhari moja ya Dell. Nyingi za kipindi hicho pawasaplai yake ina plagi inayofanana kabisa na ATX ya kawaida na inaingia vizuri tu, ila waya ndani zimepangwa kivyake, ukiweka pawasaplai ya kawaida unaua mazabodi. Linganisha rangi za waya kabla hujabadilisha.

Hadidiski iliyokuja nayo usiitegemee, imeshazunguka miaka zaidi ya 20. Tafuta adapta ya IDE (plagi ya hadidiski za zamani) kwenda kadi ya CF, yaani kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash, weka kadi ya GB 8 au 16, mashine inakuwa kimya na inawaka haraka. Na Windows 98 usiijazie ramu kupita MB 512 ukidhani unaisaidia, ukizidisha hapo inaanza kugoma yenyewe, MB 256 zinatosha na kubaki.

Kinachoniuma ni kwamba hizi ndo zinazokwisha haraka kwa sasa. Wanunuzi wa skrepa wanazichukua kwa kilo, mazabodi yanavunjwa kwa ajili ya shaba na dhahabu kidogo, na mtu anaona kafanya biashara. Ukipitia mahali wanapopanga mabodi fika mapema, ongea nao vizuri, wengi watakuwekea pembeni kadi za ISA na ramu ukiwaongezea kidogo juu ya bei ya kilo.

Namba 2: ThinkPad za IBM

Kama huna nafasi ya meza, hii. T23 ya 2001 ina Pentium III na inaendesha Windows 98 vizuri, T42 ya 2004 ndo ya Windows XP. Kibodi zake sijaona laptopu ya leo inayozifikia, na zinafunguka kwa skrubu za kawaida, kila kipuri kina namba yake na IBM walitoa vitabu vya kuzifungulia hatua kwa hatua ambavyo bado vinapatikana bure. Chaja ni za umeme wowote wa volti 100 mpaka 240, hakuna presha ya swichi.

Betri itakuwa imekufa, hiyo usijadiliane nayo, tumia kwa chaja. Cha kujadiliana ni paswedi. Nyingi zilikuwa za makampuni, ziliwekwa paswedi ya usimamizi ambayo inakaa kwenye chipu yake, kutoa betri ndogo ya ndani hakuiondoi. Kabla hujatoa hela washa, bonyeza F1, uingie kwenye mipangilio. Ikiomba paswedi na muuzaji hana, rudisha hela yako mfukoni. Kwa T40 mpaka T42 kuna jingine, zikibebwa sana kwa kona moja chipu ya picha inaachia kwenye bodi, kwa hiyo ikiwa imewaka inyanyue kidogo kwa kona uone kama picha inavurugika au inaganda.

Namba 3: Commodore 64

Haya, sasa tumefika kwenye zile za kuagiza. Ukiniuliza moyo wangu uko wapi uko hapa. Ilitoka 1982 kwa dola 595, ikauza zaidi ya milioni 12, ina ramu ya KB 64 tu na chipu ya sauti ya SID iliyobuniwa na Bob Yannes, sauti tatu tu lakini watu mpaka leo wanatengenezea muziki. Ukiiwasha hakuna kusubiri, sekunde chache unaona skrini ya bluu inakusubiri uandike BASIC, lugha rahisi ya kuprogramu. Kwa mtoto anayejifunza kuprogramu sijui mashine inayoeleweka kirahisi kuliko hii.

Iagize kutoka Uingereza au Ujerumani, usiagize Marekani hata ukiikuta nusu bei. Ya Ulaya ni PAL (mfumo wa picha za TV wa Ulaya na huku kwetu) na inatumia umeme kama wetu, na ya Uingereza hata plagi ni ile ile yetu ya meno matatu bapa. Ya Marekani ni volti 120 na NTSC (mfumo wa picha za TV wa kwao), utahitaji transfoma, TV nyingi za chogo za huku zitakuonyesha nyeusi na nyeupe, na programu nyingi za Ulaya ziliandikwa kwa kasi ya PAL.

Hatari kubwa iko kwenye ile pawasaplai yake nzito. Imejazwa gundi ngumu ndani haifunguki, na ikizeeka haifi yenyewe, inapandisha ile volti 5 na kuchoma ramu na chipu nyingine. Pima kwa mita kabla haijagusa kompyuta, ikisoma zaidi ya 5.2 usiitumie. Bora zaidi nunua mpya kabisa, watu bado wanatengeneza. Kwa kupakia magemu chukua SD2IEC, unaweka faili kwenye kadi ya SD na biashara ya kutafuta flopi imeisha.

Kwenye bei piga hesabu vizuri. Kodi inakokotolewa juu ya bei ya mzigo pamoja na usafiri na bima, na VAT ni asilimia 18 Tanzania na Uganda, 16 Kenya. Mashine rahisi ikiwa na usafiri ghali inakuwa ghali mara mbili. Kama una ndugu anarudi likizo kutoka London mpe orodha mapema, C64 inaingia kwenye begi.

Namba 4: Amiga 500

Ya 1987, picha na sauti zake kwa wakati ule PC zilikuwa zinaziangalia kwa mbali. Ushauri wa PAL na plagi ni ule ule. Muulize muuzaji kama kuna kadi ya kuongeza ramu chini ya mashine, ile ina betri ndogo inayovuja na kula bodi, mwambie akupigie picha ya hapo. A500 Plus betri iko kwenye mazabodi yenyewe kwa hiyo uangalifu mara mbili. A600 na A1200 zina kapasita za kubandikwa juu ya bodi ambazo zinavuja, kwa anayeanza baki na A500 ya kawaida. Flopi zake PC haizisomi, weka Gotek, kile kidude cha flopi kinachotumia flashi.

Namba 5: Macintosh ndogo za skrini ya ndani

Plus ya 1986, SE ya 1987, SE/30 ya 1989, Classic ya 1990. Ni nzuri kuziangalia na ni nzuri kuzitumia kuandika, lakini kama ya kwanza hapana. SE/30 na Classic karibu zote zinadai kapasita mpya, na betri nyekundu ya ndani ikipasuka inamaliza bodi nzima. Muuzaji asipotoa picha ya ndani usilipe.

Ila tuna faida moja hapa ambayo wenzetu wengi Ulaya hawana tena. Ndani ya ile kava kuna skrini ya chogo na umeme mkali unaobaki hata baada ya kuchomoa waya, na huku mafundi wa TV za chogo bado wapo mitaani. Mpelekee huyo, usifungue mwenyewe kwa kutazama video. Ile fraibaki (transfoma ya umeme mkali wa skrini) na zile nyufa za kuchomelea amezishika maisha yake yote, umwambie tu bodi ya kompyuta asiiguse.

Namba 6: ZX Spectrum

Ndogo, nyepesi, ilitoka 1982 kwa pauni 125 ya KB 16 na 175 ya KB 48. Usafiri wake ni rahisi kuliko zote. Nimeishusha kwa sababu kibodi ya mpira juu ya karatasi yake ya plastiki inakauka na kukatika, na picha yake inapitia waya wa antena, kwa hiyo utahitaji fundi aigeuze itoe video ya kawaida. Chaja yake ya volti 9 ina hasi katikati, kinyume na nyingi, usichomeke yoyote tu.

Namba 7: IBM PC 5150 na XT

Historia nzito, 1981 na 1983, na uzito wenyewe mzito vile vile. Usafiri utakumaliza. Ukiikuta hapa hapa nchini kwenye stoo ya ofisi ya zamani hiyo inapanda mpaka namba 1, nunua hiyo hiyo siku, vinginevyo subiri.

Yoyote utakayochukua, onja kwanza bure. Kuna programu zinazoiga mashine hizi: VICE kwa Commodore, Fuse kwa Spectrum, DOSBox kwa DOS, vyote vinaingia kwenye laptopu yako ya kawaida. Kaa nayo wiki kadhaa. Ukiona bado unarudi, agiza.

Wa Mombasa, Tanga, Dar na Unguja, hewa ya chumvi inakula miguu ya chipu na skrubu, mashine isikae wazi dirishani, na mende wanapenda sana pawasaplai yenye joto kwa hiyo funika ikiwa imezimwa. Umeme ukipanda na kushuka weka stebilaiza. Betri yoyote iliyochomelewa kwenye mazabodi, hasa za 386 na 486 (PC zilizotangulia Pentium), kata itoe hata kama haijavuja.

Na kava iliyogeuka njano usipake rangi tafadhali. Nenda duka la vipodozi ulizia krimu ya peroksaidi wanayotumia saluni kublichi nywele, namba 40, vaa glavu, toa kava peke yake bila lebo wala chuma, paka sawasawa bila kuruka sehemu, zungushia plastiki ya kufungia chakula na uanike. Jua letu la saa 5 mpaka saa 8 linafanya kazi haraka, kwa hiyo kila baada ya nusu saa geuza na upake tena palipokauka, maana pakikauka panabaki michirizi myeupe ambayo haitoki.