Nimeng'arishiwa rangi ya gari Nakuru kwa sh. 9,000: imefaa, ila kuna la kusema

Mwenye gari jeusi Nakuru hahitaji kuelezwa. Likitoka kuoshwa linapendeza, lakini jua la saa saba likilipiga, boneti nzima inaonyesha mikwaruzo myembamba ya mviringo kama utando wa buibui. Premio yangu ilikuwa hivyo kuanzia boneti hadi buti. Sasa karibu yote imetoka, bila kupaka rangi upya, na kazi imefanywa na fundi mmoja upande wa Lanet.

Vumbi letu lina mchango wake. Udongo wa huku umejaa majivu ya volkeno ya Menengai na chembe zake ni kali. Sasa kijana wa karwoshi anachukua kitambaa kilekile alichofutia rimu, anakikamua, anapanda nacho kwenye boneti. Hiyo ni msasa tosha.

Kabla ya Lanet nilikuwa nimejaribu karwoshi moja mjini waliosema wanapiga "polishi" kwa sh. 1,500. Gari liling'aa kweli. Baada ya kuoshwa mara chache, mikwaruzo ikarudi yote, kwa sababu haikuwa imeondoka. Walipaka kitu cha mafuta kinachojaza mikwaruzo kwa muda, sabuni ikakitoa.

Huyu wa Lanet hakugusa mashine mpaka gari lilipokuwa safi kabisa. Aliliosha, likakauka, kisha akavaa karatasi ya mkate mkononi na kupapasa boneti (mifuko ya plastiki tuliagana nayo 2017, ya mkate ikabaki). Akaniambia nami nijaribu. Nilishangaa: rangi niliyodhani ni laini ilikuwa inakwaruza kama unga wa dona. Uchafu ulikuwa umejishikilia hata baada ya sabuni. Akautoa kwa donge la udongo maalumu, akinyunyiza maji ya shampuu ili liteleze, na kila mara akilikunja kupata upande safi.

Kisha akatoa kipimo cha unene wa rangi. Paa lilisoma mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) mia moja na kidogo, ambayo ni kawaida kwa rangi ya kiwandani ya gari la Japani. Ubavu wa nyuma kulia ukasoma zaidi ya 300. Yaani hapo gari liliwahi kugongwa na kupakwa upya, jambo ambalo aliyeniuzia hakulitaja! Hesabu hiyo ni ya matabaka yote kwa pamoja. Koti la juu lisilo na rangi, ile kilia, huwa kama mikroni 40 au 50 tu, na kung'arisha ni kulipunguza kidogo hadi usawa wa mikwaruzo. Ndiyo maana kazi hii hairudiwi kila mwaka.

Alianza na mraba mdogo tu wa boneti, pedi laini na polishi nyepesi. Haikutosha. Akabadilisha, akaweka kompaundi, yaani polishi kali zaidi, na pedi ngumu kidogo, halafu akamalizia na ile nyepesi. Mashine yake inazunguka huku ikiyumba, si ile ya kuzunguka moja kwa moja ambayo hupasha rangi moto na kuunguza kingo mikononi mwa mtu mwenye haraka. Kingo zote na plastiki nyeusi alizibandika tepu.

Kilichonifanya nimwamini ni spiriti. Alipomaliza ule mraba aliufuta kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta ya polishi yatoke, akamulika tochi, akaniita. Upande mmoja utando, upande wa pili kioo. Ukienda kwa fundi yeyote, mwambie afute hivyo kabla ya kupaka waksi. Akianza visingizio, washa gari uondoke.

Mlangoni kuna alama ya usukani wa bodaboda. Alipitisha kucha, ikakwama. "Madam, hii siwezi. Nikilazimisha, nitatoboa kilia nifike kwenye rangi." Nilipenda kwamba hakunidanganya.

Sasa malalamiko. Kwenye simu aliniambia sh. 7,500, nilipofika ikawa 9,000 eti kwa sababu gari ni jeusi. Ni kweli nyeusi ina kazi zaidi, lakini rangi niliitaja tangu mwanzo. Gari nilipewa jioni likiwa na unga mweupe wa kompaundi kwenye mapengo ya milango na chini ya waipa. Nilitumia mswaki wa zamani kuutoa nyumbani. Waksi aliyopaka inafanya maji yateleze vizuri, ila waksi ni ya miezi michache, usiuziwe kwamba ni ya milele.

Siku hizi naosha mwenyewe: ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia glavu, maji mengi kwanza ya kuondoa vumbi, na magurudumu yana kitambaa chao. Inachosha, na jirani ananicheka.

Ule mlango nimeuulizia kwa fundi wa rangi. Anataka sh. 6,000 kuupaka wote, na anasema itabidi aguse kidogo na mlango wa nyuma ili rangi zilingane. Bado tunapatana bei.