Binokula ya 8x42 kwa ndege wa uani, usikimbilie zumu kubwa

Nasema mapema kabisa, kama unataka kifaa kimoja tu cha kuangalia ndege wanaokuja nyuma ya nyumba chukua binokula (darubini ya macho mawili) ya 8x42, na zile za zumu, za kubadilisha ukuzaji, zinazoandikwa 8 mpaka 24 ziache hukohuko dukani. Jina la kampuni siliandiki kwa sababu binokula za namba hizi zinatengenezwa na kampuni kibao, na nnachosifia hapa ni namba zenyewe na kazi zinayoifanya ukiwa umekaa zako kwenye kiti unaangalia shomoro. Naitumia karibu kila asubuhi na kwa kweli naipenda sana.

Haya, hizo namba. 8 ni mara ngapi inakuza, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watu wengi wakienda kununua wanaangalia ile ya kwanza tu na wanataka iliyo kubwa kuliko zote, naelewa, nani hataki kuona zaidi, ila binokula ikikuza ndege inakuza na mtikisiko wa mikono yako pia, na mkono wa binadamu hautulii hata ujitahidi vipi, kwa hiyo kwenye 12 ndege anachezacheza mbele yako mpaka macho yanachoka. Alafu ukikuza zaidi eneo unaloliona linabana. Binokula nyingi za 8x42 zinakupa upana wa nyuzi 7 mpaka 8 hivi, yaani kitu kikiwa mita 10 kutoka ulipokaa unaona eneo la kama mita 1.2 hadi 1.4 kwa mkupuo mmoja. Unaweza ukadhani ni padogo lakini kwa kindege kinachoruka tawi hadi tawi bila kutulia hata sekunde mbili hiyo ndo tofauti ya kumwona na kubaki unatafuta majani matupu.

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji hawaisemi sana. Gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, hizo ni milimita za ule mduara wa mwanga unaotoka kwenye lenzi ya nyuma kuja jichoni. Mchana wa jua kali mboni ya jicho lako inajifunga mpaka milimita 2 au 3 tu, hapo hata kibinokula kidogo cha mfukoni kinatosha. Ila alfajiri mboni inafunguka, na alfajiri ndo saa ndege wanapoimba na kuzunguka zaidi kuliko saa yoyote, sasa kama una kile cha 12x25 kinachotoa milimita 2 na ushee unaona giza tu na vivuli wakati mwenye 8x42 anaona mpaka rangi ya mguu. Kwangu hii peke yake inatosha kubeba lenzi kubwa.

Lakini kitu kilichonifanya niandike yote haya ni umbali wa karibu. Kila binokula ina kikomo, ukikaribia zaidi ya hapo picha inakuwa ukungu hata uzungushe gurudumu la fokasi vipi. Wanaoangalia ndege wa ziwani au wa porini hawajali sana, wao ndege wao yuko mita mia huko, ila uani mwako ndege anatua kwenye kamba ya nguo, kwenye ukuta, kwenye chombo cha maji hatua tatu kutoka dirishani. Yangu inafokasi mpaka mita 2. Kitu kilicho mita 2 ukikikuza mara 8 ni kama umekiweka sentimita 25 kutoka usoni, hebu fikiria shomoro sentimita 25 kutoka usoni mwako na yeye hana habari na wewe kabisa, anaendelea na mambo yake!

Na hapo ndo raha yenyewe ilipo jamani. Ndege ukimsogelea kwa miguu unachokiona ni ndege anayejiandaa kukimbia, shingo juu, mwili umekaza, jicho kwako. Ukibaki mbali ukamvuta kwa lenzi unamwona akiishi. Shomoro nilikuwa namjua kama kila mtu anavyomjua, kindege cha kahawia basi, maana yuko kila bara isipokuwa Antaktika na kitu kikiwa kila mahali watu hawakitazami. Kwa binokula dume ana utosi wa kijivu, pembeni rangi ya kahawia iliyokolea inashuka nyuma ya jicho, kidevuni weusi unaoteremka mpaka kifuani, jike ana mstari mweupe-mweupe juu ya jicho kama kope la pili. Na mdomo wa dume unabadilika, msimu wa kuzaa unakuwa mweusi tititi, msimu ukiisha unarudi rangi ya pembe. Yaani unaweza kujua nyumba ya shomoro iko kwenye hali gani kwa kuangalia mdomo tu! Na ukimwona mzazi kabeba kiwavi mdomoni na hakimezi ujue makinda yako karibu, kwa sababu shomoro mkubwa anakula mbegu kwa sehemu kubwa lakini makinda siku zao za mwanzo wanalishwa wadudu. Mfuate kwa lenzi taratibu atakuonyesha tundu analoingia. Ukishalijua usiende kuchungulia, kaa hapohapo ulipo, binokula si unayo.

Wakioga vumbi ndo usiseme. Wanachimba kishimo kwa kifua, wanajirushia vumbi mgongoni kwa mabawa, wanagombania nafasi, mmoja akitoka mwingine keshaingia. Vumbi linasaidia kunyonya mafuta yaliyozidi kwenye manyoya. Wakimaliza wanakaa kwenye tawi na kujichambua, unyoya mmoja mmoja, na hapo ukiangalia vizuri utaona mdomo unaenda nyuma mpaka juu ya mkia na kurudi, unaenda tena na kurudi. Pale pana tezi ya mafuta na ndo wanayojipaka. Macho matupu hayakuonyeshi hili, unaona tu ndege anajikuna.

Njiwa nao watu wanawadharau na mi sikubaliani kabisa, ukiwa na lenzi nzuri njiwa ni mmoja wa ndege wazuri kuliko wote uani. Ile shingo inayong'aa kijani, akigeuka kidogo inakuwa zambarau, ile sio rangi ya kupakwa ndani ya unyoya, ni umbo dogo sana la unyoya wenyewe linalochezea mwanga ndo maana inabadilika ukibadilisha upande. Kuna utando unaopita jichoni haraka sana kutoka pembeni, ni kope la tatu, ndege wanalo kwa kulinda na kulainisha jicho. Muangalie anavyokunywa maji pia, ndege wengi wanachota kidogo wanainua kichwa maji yateremke, njiwa anaingiza mdomo na kuvuta moja kwa moja bila kuinua. Na kile kichwa anachokisukuma mbele akitembea, kichwa kinatangulia, kinabaki palepale hewani huku mwili unakuja kukifikia, alafu kinatangulia tena, hivyo kila akisimamisha kichwa anaona picha iliyotulia. Mwaka 1978 mtafiti Barrie Frost wa Canada alimtembeza njiwa kwenye mashine ya kutembelea palepale, na kwa kuwa mazingira hayakuwa yanasogea kichwa kikaacha kutikisika. Mi tangu nijue hilo siwezi kumwacha njiwa apite hivihivi.

Mbayuwayu hapa niseme ukweli, binokula inasaidia pale tu anapotua au anapojenga, akibeba vidonge vya tope mdomoni na kuvibandika kimoja kimoja. Akiwa angani anawinda mwache macho yafanye kazi, kumfukuza kwa lenzi ni kujiumiza shingo.

Mapungufu yapo. Uzito kwanza, 8x42 nyingi ziko kwenye gramu 600 mpaka 800 na ukiivaa shingoni asubuhi nzima unaisikia, ule mkanda mwembamba unaokuja nayo hautoshi, tafuta mpana au ule wa kuvuka mabega yote mawili. Gurudumu la fokasi kutoka karibu kwenda mbali linahitaji mizunguko, kwa hiyo njiwa wa paani akikufurahisha alafu kitu kikatua mita 3 mbele utachelewa kidogo. Na usitegemee picha nzuri ukiangalia kupitia kioo cha dirisha kwa mshazari, kioo kinaharibu, elekea kioo moja kwa moja au fungua dirisha kabisa. Mvua sio shida kama umechukua iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni ndani, hiyo haishiki ukungu kwa ndani hata ukitoka penye ubaridi kwenda penye joto.

Ukishaipata itengeneze kwa macho yako kwanza, wengi wanaruka hii hatua alafu wanasema binokula inawapa kichwa kuuma. Kunja ile bawaba ya katikati mpaka uone duara moja. Funika lenzi ya mbele upande wa kulia, fokasi kwa jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati, alafu funika kushoto na uzungushe kile kipete cha kulia karibu na jicho mpaka na lenyewe lione vizuri, zipo ambazo kipete kiko kushoto basi unageuza. Kipete usikiguse tena. Wavaa miwani shusheni vile vikombe vya mpira, na mkichagua tafuteni iliyoandikwa kwamba jicho linaweza kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi, chini ya hapo mtaona duara lililokatwa. Watoto wadogo macho yao yako karibu mno, bawaba nyingi za 42 hazikunjiki kiasi hicho, wao wapewe ndogo ya 25 au 30. Na mtoto au mkubwa, jua haliangaliwi kwa binokula hata kwa bahati mbaya, linaunguza jicho, kwa hiyo ndege akiruka kuelekea jua shusha mikono.

Kumpata ndege nako kuna namna. Usishushe macho kwenye kifaa alafu ndo uanze kumtafuta, mkazie ndege macho, usipepese, pandisha binokula mpaka ikutane na macho yako hapohapo na atakuwa katikati.

Dukani usiwasikilize wanaokuelekeza uangalie jengo la mbali. Lenga kitu kilicho hatua mbili tatu mbele yako, hata kidole cha muuzaji, zungusha gurudumu mpaka mwisho, kama bado ni ukungu mrudishie alete nyingine.