TAHADHARI: Kuna jamaa anauza mashine ya "L24" ya Datsun 240Z, kumbe ni L20

Wakuu, anayetafuta mashine ya Datsun 240Z asome hii kabla hajatuma hela. L24 ndiyo mashine ya gari hilo, L20 ni ndugu yake mdogo.

Gari ninalolihangaikia ni la marehemu baba. Alizipenda 240Z tangu dereva Edgar Herrmann aliposhinda na moja Safari Rally ya 1971, na Shekhar Mehta akafanya hivyo tena 1973. Gari lake lilikaa chini ya mwembe miaka mingi. Sasa ni mwaka wa pili nalifufua uani, kutu ya bodi nimeshaimaliza, kilichobaki ni mashine, maana bloku yake imepasuka.

Jamaa huyo alinipigia mwenyewe baada ya kuona tangazo langu la spea. Mpole, ananiita "kaka mkubwa", na magari anayajua kwelikweli. Alinitumia picha za L24 safi yenye kabureta mbili za Hitachi, akasema yupo Arusha, anataka nusu kwanza na nusu mzigo ukipakiwa. Wakati wa kutuma hela lilitokea jina jingine, akasema ni la shemeji yake. Nilipoomba picha ya namba ya mashine alileta ya mbali, yenye kivuli. Hapo ndipo ningesimama. Sikusimama, kwa sababu mashine hizi haziokotwi.

Mzigo ulifika umepakwa rangi nyeusi mpya hadi kwenye nati. Kabureta hazimo, eti "zinakuja na basi". Namba ya mashine hizi hugongwa ubavuni mwa bloku, upande wa plagi, chini kidogo ya silinda hedi, karibu na plagi ya sita. Nikaondoa rangi kwa tina na brashi ya waya, nikamulika tochi kwa pembeni. Chini ya ile 4 tumbo la 0 bado linaonekana. Amepitisha grainda, akagonga 4 juu yake. Tukafungua hedi na fundi wangu, tukapima kipenyo cha silinda kwa venia: milimita 78. L24 ni 83. Nimeuziwa mashine ya cc 1,998 kwa bei ya cc 2,393, milioni nne zimekwenda.

Simu yake haipatikani tena. Nimeripoti polisi na RB ninayo.

Wiki hii nimeona picha zilezile kwa namba mpya ya simu, na safari hii ameongeza kibati cha namba ya chasisi cha HS30 (alama ya 240Z za usukani wa kulia), kibati kitupu bila gari. Hicho msikiguse kabisa. Namba ya chasisi imegongwa pia kwenye bati la nyuma ya mashine, na visipolingana atakayeshikwa ni wewe mwenye gari.

Kama umeshamtumia hela mtu wa namna hii, tafadhali nitafute leo tuunganishe maelezo, mpelelezi ameniambia malalamiko ya wawili watatu yatamsaidia kulifuata jina la huyo shemeji.