Uzoefu wangu wa kuomba na kurekebisha taarifa yangu ya mikopo, Dar es Salaam

Ninauza vitenge na madera Kariakoo, na kwa miaka mingi nimekopa na kurejesha kama wafanyavyo wenzangu: kwenye kikoba, kwenye taasisi ya mikopo midogo, na mara moja benki. Sikuwahi kufikiri kwamba mahali fulani kuna ripoti inayoeleza yote hayo kwa jina langu, hadi Februari mwaka huu nilipoomba mkopo wa shilingi milioni 8 ili kuongeza mzigo kabla ya Idi, na ombi likakataliwa hata kabla hawajaja kuliona duka. Afisa mikopo hakuwa na maneno mengi. Alitazama skrini yake, akaniambia, "Dada, unaonekana una madeni sehemu mbili. Kayamalize kwanza, halafu urudi tuzungumze." Nilipomwuliza ni sehemu zipi, akanishauri niombe taarifa yangu mwenyewe kwenye kampuni inayotunza taarifa za wakopaji, kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kunipa nakala ya ripoti iliyoombwa na benki.

Kwa wasioufahamu mfumo huu, ambao hata mimi sikuufahamu, msingi wake uko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina kanzidata ya wakopaji inayoendeshwa kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2012. Wakopeshaji hupeleka huko taarifa za mikopo waliyotoa, iliyolipwa na isiyolipwa, kisha kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, ambazo zinazojulikana zaidi ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania, huzitumia kuandaa ripoti ya mkopaji. Niliomba kwenye kampuni moja tu na sitaitaja, kwa kuwa ninayo ya kuisifu na ninayo ya kuilalamikia.

Kuomba kwenyewe hakukunisumbua. Nilijaza fomu, nikaambatisha kitambulisho cha taifa cha NIDA na picha, nikathibitisha namba ya simu, na ripoti ikanifikia kwa barua pepe ndani ya wiki hiyohiyo. Kazi ilikuwa kuisoma. Niliichapisha kwenye steshenari iliyo jirani na duka langu, nikaitandaza juu ya marobota, na nikakuta kwamba yote imeandikwa kwa Kiingereza, pamoja na vifupisho ambavyo maelezo yake yako ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo mno. Huduma inayomlenga mwananchi wa kawaida wa Dar es Salaam haikupaswa kumlazimu atafute mtu wa kumtafsiria habari za madeni yake mwenyewe. Mimi nilimwomba binti wa steshenari, naye alisoma kwa sauti kubwa kidogo kuliko nilivyopenda.

Ripoti ina sehemu nne zinazostahili kuangaliwa. Ya kwanza ni utambulisho: majina, namba ya NIDA, anwani na simu. Ya pili ni orodha ya mikopo, kila mmoja ukiwa na kiasi kilichokopwa, baki, na safu ya miezi inayoonyesha kama rejesho lililipwa kwa wakati au lilichelewa kwa siku ngapi. Ya tatu ni orodha ya walioiulizia taarifa yangu, na humo nilimwona yule afisa mikopo, kwa maana ya benki yake na tarehe ya siku ile niliyokaa mbele yake. Ya nne ni alama, yaani namba inayokadiria uwezekano wa mtu kushindwa kulipa. Watu wengi hukimbilia alama hiyo, lakini kwa maoni yangu ndiyo yenye msaada mdogo zaidi kwa anayetaka kurekebisha jambo, kwa kuwa hairekebishwi moja kwa moja; kinachorekebishwa ni mistari iliyoizalisha.

Mistari yangu mibaya ilikuwa miwili, na ilinichukua jioni nzima kutambua kwamba haikuwa ya aina moja.

Wa kwanza ulikuwa mkopo wa simu wa shilingi 48,000 uliopitisha tarehe ya kulipwa kwa zaidi ya siku 90, na kwa wakopeshaji wetu mkopo uliofika hapo huingia kwenye kundi la mikopo chechefu, yaani inayohesabiwa kuwa imeshindwa kulipwa, hata uwe mdogo namna gani. Niliapa kwamba sijakopa. Kisha nikaitazama namba ya simu iliyoandikwa kando yake, nikaitambua: ni laini niliyoisajili kwa alama zangu za vidole mwanzoni mwa mwaka 2020, wakati ule wa foleni za usajili, kwa ajili ya mdogo wangu ambaye hakuwa amepata namba ya NIDA. Yeye alikopa, akapoteza simu, akasahau. Mbele ya mkopeshaji, laini ni yangu na deni ni langu. Hapo hapakuwa na kosa la kurekebisha, palikuwa na deni la kulipa, nami nililipa kesho yake pamoja na adhabu, nikahifadhi ujumbe wa uthibitisho. Mdogo wangu alinitumia pole ndefu na nusu ya fedha.

Mstari wa pili ndio ulionitoa jasho. Ulionyesha mkopo wa taasisi ya mikopo midogo niliouchukua mwaka 2019 na kuumaliza mwaka 2021, lakini kwenye ripoti ulikuwa bado uko wazi, wenye baki ya shilingi 312,000 na ucheleweshaji unaokua kila mwezi. Risiti zangu za marejesho nilikuwa nazo kwenye mkebe wa biskuti, kama mama alivyotufundisha kutunza karatasi. Nilirudi kwenye kampuni ya taarifa nikiwa nimejiandaa kugomba, nikaelezwa kwa upole jambo ambalo ningependa kila mkopaji alijue: kampuni haina mamlaka ya kufuta wala kubadilisha kilichopelekwa na mkopeshaji kwa sababu tu mkopaji ameomba. Hupokea pingamizi, humwuliza mkopeshaji, na mkopeshaji ndiye anayethibitisha au kusahihisha. Nilijaza fomu ya pingamizi nikaambatisha nakala za risiti. Sambamba na hilo, kwa ushauri wa mhudumu, nikaenda mwenyewe kwa mkopeshaji.

Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa mtu anayehusika yuko nje ya ofisi. Mara ya pili niliambiwa mfumo unanionyesha nimemaliza, kwa hiyo sina tatizo, na kijana wa mapokezi alishangaa kwa nini bado nimesimama. Mara ya tatu nilikataa kukaa mapokezi, nikaweka ripoti mezani kwa meneja wa tawi na kando yake nikaweka risiti ya mwisho. Tulizitazama pamoja na sababu ikajitokeza. Nilifungua mkopo ule kwa kitambulisho cha mpiga kura, ambacho jina langu la kwanza limeandikwa bila herufi "h". Baadaye wakanihamishia kwenye namba ya NIDA, ambako herufi hiyo ipo. Kwao nikawa wateja wawili: mmoja alikopa, mwingine akalipa. Meneja aliniomba radhi, akanipa barua yenye mhuri inayothibitisha kwamba sidaiwi, na akasema masahihisho yatatumwa katika mzunguko wao unaofuata wa kupeleka taarifa. Barua hiyo nilipaswa kuidai siku niliyolipa rejesho la mwisho mwaka 2021. Nilifurahi tu kwamba nimemaliza, nikaondoka.

Katika wiki za kusubiri niliandikiwa mtandaoni na watu wawili tofauti waliodai wanaweza "kusafisha jina" kwa malipo ya awali, mmoja akisema ana ndugu ndani ya mfumo. Kwa jinsi nilivyoeleza kazi inavyofanyika, msomaji ataona kwamba hakuna wanachouza: deni la kweli haliondoki bila kulipwa, na kosa la kweli unalipinga mwenyewe kwa risiti. Aidha, wote waliomba picha ya kitambulisho changu cha NIDA, na huko ndiko hatari ilipo. Vivyo hivyo kwa programu za mikopo ya haraka, zile tunazoziita kausha damu. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na nafikiri ni busara mtu kuhakiki leseni ya mkopeshaji kabla ya kumpa hata namba yake ya simu.

Niliomba ripoti ya pili baada ya takriban miezi miwili. Mkopo wa taasisi ulikuwa umefungwa, baki sifuri, na miezi yote ya ucheleweshaji wa uongo imeondolewa. Mkopo wa simu nao ulionyesha umelipwa, lakini ile miezi iliyochelewa imebaki palepale, kwa kuwa ni kweli ulichelewa. Kulipa hufunga deni bila kufuta historia yake. Alama yangu iliboreka, ingawa si kwa kiwango nilichotarajia.

Huduma hii ningeipa nyota nne kati ya tano. Ripoti ilikuja haraka, wahudumu wanajua kazi yao na hawakunidharau, na pingamizi langu lilifuatiliwa hadi mwisho. Nyota ninayoipunguza ni ya lugha, na pia ya ukimya: kwa wiki tano nilipata ujumbe mmoja tu wa kunijulisha pingamizi limefikia wapi, na laiti nisingekwenda mwenyewe kwa mkopeshaji, sina hakika ningekuwa ninaandika habari za mafanikio. Kwa anayepanga kukopa, ningemshauri aombe ripoti miezi mitatu au minne kabla ya kuingia benki, ili akikuta kosa awe na muda wa kulishughulikia.

Benki ileile ilinipa shilingi milioni 5 badala ya 8. Idi ilikuwa imekwishapita, kwa hiyo nimenunulia mzigo wa msimu wa harusi. Nimepiga pia *106# kuona laini zote zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, nikakuta nne, wakati ninazotumia ni mbili. Ya mdogo wangu nimeifuta na sasa amesajili yake. Ya nne bado sijui ni ya nani, na Jumatatu nitakwenda na kitambulisho changu kuiondoa.