TAHADHARI: Anayewapigia wazee wetu simu kuhusu "msaada mpya wa Medicare" ni tapeli

Ndugu zangu mlio na wazazi huku Marekani, someni hii, kisha mpigieni mama au baba leo hii hii.

Wiki iliyopita mama yangu alipigiwa simu. Jamaa akamwamkia "Shikamoo mama" kwa Kiswahili safi, akangoja marahaba yake, akamuuliza habari za magoti. Akasema serikali imepanua msaada wa matibabu kwa wazee wa kipato cha chini, nafasi zinakaribia kujaa, na kujiandikisha ni dola 150. Halafu akaomba namba ya kadi ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee. Mama akavaa miwani, akaitoa kadi kwenye pochi, akamsomea herufi na tarakimu zote 11, polepole, asije akakosea.

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Msaada upo, na umepanuliwa kweli. Tangu Januari 2024, Extra Help, ule wa kupunguza gharama za dawa, unatolewa kikamilifu hata kwa mzee ambaye kipato chake kinafika asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, mradi mali zake zisizidi kiwango kilichowekwa. Zamani aliyevuka asilimia 135 alipata sehemu tu. Upo pia mpango wa Medicare Savings Program, unaomlipia mzee wa kipato cha chini ada ya kila mwezi ya Sehemu B, ile sehemu ya Medicare inayolipia madaktari na vipimo. Mwaka 2025 ada hiyo ilikuwa dola 185. Kwa mtu wa pensheni ndogo, hizo ni hela za chakula! Wazee wetu wengi hawajaambiwa habari hizi, na tapeli ameliona pengo hilo.

Kuomba ni bure kabisa. Extra Help inaombwa Social Security, ofisi ya serikali ya pensheni, na Medicare Savings Program inaombwa ofisi ya Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato cha chini) ya jimbo lenu, siku yoyote ya mwaka. Kila jimbo lina washauri wa SHIP, mpango wa ushauri wa bure kuhusu Medicare, wanaosaidia kujaza fomu bila malipo. Medicare haikupigii tu ghafla kukuomba namba ya kadi.

Hela za mama zilipona kwa sababu kadi ya benki ninayo mimi. Namba ndiyo iliyokwenda, na kwa namba hiyo wanaweza kuidai Medicare malipo ya mikanda ya magoti au vipimo vya vinasaba ambavyo mzee hakuvipata kamwe. Tumepiga simu ya Medicare yenyewe, 1-800-633-4227, tukaomba namba mpya ya kadi. Mkalimani ni bure, mwombeni. Na zile taarifa za Medicare zinazokuja kwa posta, msizitupe. Zisomeni mstari kwa mstari.

Mama alinificha siku mbili kwa aibu. Kwa hiyo mkiwauliza wazee, waulizeni kwa upole, na msiwagombeze.